Maiti Mzimuni: Msomaji Kijana na Riwaya ya Mauaji katika Kiswahili

1. Utangulizi

Riwaya ya upelelezi imeishi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kama mtoto wa kambo: yumo nyumbani, analishwa pamoja na wenzake, lakini wageni wanapotambulishwa watoto jina lake halitajwi. Inasomwa, inaazimwa, inachakazwa kwa kupita mkono hadi mkono. Ila inapofikia kuhakikiwa hupewa aya moja au mbili chini ya kichwa cha fasihi pendwa, kisha mhakiki akaelekea kwa Shaaban Robert na kwa Kezilahabi. Hoja zinazotolewa dhidi yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba ni fasihi ya kuiga: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Zanzibar pamoja na kiko chake. Ya pili ni kwamba ni fasihi ya kuburudisha tu, isiyomwachia msomaji chochote baada ya muuaji kujulikana.

Hoja zote mbili zinaitazama riwaya kwa upande wa mwandishi na wa kitabu. Ni mara chache swali limeulizwa kwa upande wa msomaji, na hasa msomaji kijana, ambaye ndiye aliyekutana na riwaya hii akiwa bado anajifunza nini maana ya kusoma hadithi ndefu. Je, kijana huyo alifanya nini akilini mwake alipokuwa akiisoma? Na je, alichokifanya kilikuwa kimewahi kutakwa kwake na maandishi ya Kiswahili yaliyotangulia?

Makala haya yanadai kuwa kuchapishwa kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960 kulianzisha mkataba mpya kati ya maandishi ya Kiswahili na msomaji kijana. Kabla yake kijana alikuwa mpokeaji wa wasia. Katika riwaya ya mauaji alikalishwa kwenye kiti cha hakimu, na waliosimama mbele yake kutoa ushahidi walikuwa watu wazima. Thamani ya kihistoria ya riwaya hii imo katika mabadiliko hayo ya kiti, na ni humo pia zinamopatikana kasoro zake.

2. Kijana kama mpokeaji wa wasia

Ili kuupima uzito wa mabadiliko hayo, hapana budi kukumbuka kijana wa Kiswahili alikuwa akisomeshwa nini. Mkondo wa kwanza ni wa mawaidha. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mnamo mwaka 1858 unasimama kama kielelezo cha mkondo huu: mkubwa anasema, mdogo anasikiliza, na ubora wa msikilizaji unapimwa kwa utiifu wake. Mkondo huo haukukatika nathari ilipochukua nafasi. Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, jina la mhusika ndilo tabia yake. Adili ni mwadilifu. Ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Msomaji hahitaji kupeleleza chochote. Tangu majina yatajwe amekwisha kujua nani wa kupendwa na nani wa kuepukwa, na kazi iliyobaki ni kushuhudia jinsi wema unavyolipwa na ubaya unavyoumbuka. Huu si udhaifu wa Shaaban Robert. Ni kanuni ya utanzu alioutumia, na ndani ya kanuni hiyo alifanya kazi ambayo haijapata mfano. Lakini kanuni yenyewe inamtaka msomaji aamini kile anachoambiwa.

Mkondo wa pili ni wa tafsiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki zilihitaji vitabu vya kusomea shuleni katika Kiswahili kilichokuwa kikisanifishwa, kazi iliyokabidhiwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa kamati hiyo, alikuwa amekwisha kushughulikia *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, iliyotoka mwaka 1929. Mwaka huohuo ilitoka *Kisiwa chenye Hazina*, tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson. Kwa vizazi kadhaa vya wanafunzi vitabu hivi vilikuwa ndio mlango wa kuingilia riwaya.

Vitabu viwili hivyo vina jambo moja moja linalohusu mada hii. Katika riwaya ya Stevenson, kijana Jim Hawkins anagundua njama ya maharamia kwa bahati tu: amejiingiza ndani ya pipa la matofaa, na akiwa humo anawasikia watu wazima wakipanga uasi. Kijana anapata siri ya wakubwa kwa kusikiliza mahali asipotakiwa kuwapo. Hakuna aliyempa haki ya kujua. Katika riwaya ya Haggard nako, Wazungu wanaotafuta hazina wanatumia kupatwa kwa mwezi kuwatisha wenyeji na kujionyesha kuwa wao ndio wenye kuzimamisha mwanga wa angani. Msomaji anajulishwa hila hiyo, naye anatakiwa kuifurahia pamoja na wenye kuitenda. Hofu ya Mwafrika mbele ya yasiyoonekana ni chombo mikononi mwa shujaa.

Kwa hiyo kijana aliyemaliza madarasa yake katika miaka ya 1950 alikuwa amefundishwa na maandishi ya Kiswahili mambo matatu: kwamba jina ni tabia, kwamba siri za wakubwa hupatikana kwa kudukua, na kwamba anayejua sababu halisi ya mambo ni mgeni. Riwaya iliyotoka mwaka 1960 ilimkanusha katika yote matatu.

3. Mzimu na mkono wa mtu

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, na mwaka 1958 alishika uhariri wa *Mkulima*, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, yaani East African Literature Bureau, lililoasisiwa mwaka 1948. Shirika hilohilo ndilo lililoichapisha. Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa sababu wahakiki huizungumzia riwaya ya upelelezi kana kwamba ilizaliwa na tamaa ya soko. Katika Kiswahili haikuwa hivyo. Ilizaliwa ndani ya mradi wa kueneza usomaji, kutokana na mashindano ya shirika la umma, na ilipita katika njia zilezile zilizokuwa zikipeleka vitabu kwa watu waliokuwa ndio kwanza wanapata elimu.

Kisa kinaanza na kifo. Bwana Ali, tajiri mwenye shamba, anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali pa matambiko pa watu wa kale. Chaguo hilo la mahali ndilo linaloibeba riwaya nzima. Maiti ingeweza kukutwa barazani, ufukweni au mikarafuuni, na kitendawili kikabaki kuwa ni nani aliyeua. Ilipowekwa mzimuni ilizua kitendawili kingine kinachotangulia hicho: je, kuna aliyeua? Mzimu una jibu lake tayari. Mtu amevunja mwiko, amekasirisha wasiokufa, ameadhibiwa. Jibu hilo halihitaji ushahidi wala halimshtaki jirani. Linaifunga kesi kabla haijafunguliwa.

Ronald Knox, katika kanuni kumi alizoweka mwaka 1929 kwa waandishi wa hadithi za upelelezi, aliamuru kwamba nguvu zisizo za kibinadamu zitupwe nje tangu mwanzo. Kwa wasomaji wa London hilo lilikuwa sharti la mchezo tu. Kwa msomaji wa Unguja au Pemba mwaka 1960 hilo lilikuwa ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa. Kweli, Arthur Conan Doyle naye alikuwa ametumia hofu ya jinsi hiyo katika *The Hound of the Baskervilles*, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1901 na 1902, ambamo hadithi ya mbwa wa kutisha inatumiwa na muuaji wa kawaida kabisa. Abdulla ni mwanafunzi wa Doyle katika jambo hili, na hakuna haja ya kumwonea haya. Lakini wanapofanana ndipo pia wanapoachana. Mbwa wa Doyle ni masalio ya ngano za ukoo mmoja wa kilordi. Mzimu wa Abdulla ni taasisi hai yenye watu wake na itikadi inayoshirikiwa na kijiji kizima, na msomaji mwenyewe huenda ana nyanya aliyewahi kupeleka chetezo mahali kama hapo.

Kwa sababu hiyo, njia anayoipita Bwana Msa ni nyembamba. Angewakejeli wanaouogopa mzimu, angekuwa amerudia kazi ya mwalimu wa misheni, na riwaya ingekuwa tafsiri nyingine ya Haggard. Swali lake halihusu kama mizimu ipo. Linahusu nani aliyefaidika kwa watu kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Aliyeua ni mtu, na mahali alipoangukia marehemu pamempa mtu huyo pazia la kujisitiri. Hapa ndipo mkataba wa Haggard unapopinduliwa. Kufaidi hofu ya watu, ambako katika *Mashimo ya Mfalme Sulemani* ni werevu wa shujaa, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* kunaangukia upande wa muuaji. Na mwenye kulifunua pazia si mgeni bali ni Mzanzibari, anayezungumza na Wazanzibari wenzake kwa lugha yao.

Abdulla alirudia mbinu hiyo katika *Kisima cha Giningi*, iliyochapishwa mwaka 1968. Giningi katika visa vya Zanzibar ni mji usioonekana, makao ya wachawi na mashetani. Jina la kitabu linamwita msomaji aogope. Kitabu chenyewe kinamtaka afikiri. Mvutano huo kati ya jalada na kurasa ni aina ya somo ambalo halikuwa limewahi kutolewa kwa kijana wa Kiswahili kwa njia ya hadithi.

4. Kitendawili, mji na hukumu

Tzvetan Todorov, katika insha yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kuwa riwaya hii ina hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla ya kitabu kuanza, na hadithi ya upelelezi, ambayo ndiyo tunayoisoma. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi kueleza kwa nini kijana wa Afrika ya Mashariki aliuingia utanzu huu bila ya ugumu. Jibu la karibu zaidi limo katika mchezo aliokuwa akiucheza tangu utotoni.

Kitendawili kina kanuni zake. Mmoja hutega, wengine hujibu. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Akapewa mji, akasafiri, akashiba, kisha ndipo akatoa jibu. Mji ni malipo ya kutojua. Anayecheza vizuri ni yule anayekataa kutoa mji mapema, anayeurudia usemi wa mtegaji neno kwa neno na kuugeuza upande wa pili. Huo hasa ndio usomaji wa riwaya ya mauaji. Msomaji anayefunua ukurasa wa mwisho kabla ya wakati ametoa mji. Msomaji anayerudi sura ya tatu kutazama upya kauli aliyoipita haraka bado yumo mchezoni. Najum, rafiki na mwandani wa Bwana Msa katika mfululizo huu, ni mchezaji mwenzake msomaji: anauliza, anakisia, anakosea, na makosa yake yanampa kijana moyo wa kukisia vyema zaidi. Knox alitaka rafiki wa mpelelezi awe na akili pungufu kidogo kuliko za msomaji wa kawaida. Kijana ambaye kila siku huambiwa hajui, hapa anakutana na mtu mzima anayekosea kabla yake.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kitendawili cha barazani na fumbo la riwaya. Katika kitendawili, jibu liko mikononi mwa mkubwa, na jamii imekwisha kukubaliana nalo zamani. Nyumba isiyo na mlango ni yai jana, leo na kesho. Katika riwaya ya mauaji, wakubwa ndio fumbo. Mwenye shamba, mke wake, jamaa zake, watumishi wake, wote wana jambo wanaloficha, na kila mmoja anatoa maelezo ambayo yanaweza kuwa kweli, nusu ya kweli, au uongo. Methali inaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Riwaya inamfundisha kijana kwamba la mkuu ni ushahidi, na ushahidi hupimwa.

Upimaji huo unamfikisha mahali ambapo adabu ilimkataza kufika. Mafumbo mengi ya Bwana Msa yamefungwa ndani ya nasaba: nani mwana wa nani, nani ni ndugu bila ya kujua, nani ana haki ya kurithi na nani amedhulumiwa. Hayo ndiyo maswali ambayo katika nyumba ya Kiswahili mtoto haulizi. Akiuliza huambiwa aende akacheze. Riwaya ya mauaji inampa sababu halali ya kuuliza, kwa kuwa mtu amekufa na damu haiwezi kuachwa ipotee. Jim Hawkins alihitaji kujificha ndani ya pipa ili ajue. Msomaji wa Abdulla anakaa barazani, mchana, mbele za watu.

Linganisho moja litaonyesha jinsi ruhusa hiyo ilivyokuwa ya pekee. Mwaka 1971 shirika lilelile la Nairobi lilichapisha *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya inayomfuata msichana kutoka malezi makali ya baba yake hadi kuharibikiwa kwake na kifo chake. Kwa muda riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Bwana Msa hakupigwa marufuku, ingawa ndani ya mafumbo yake mna mapenzi ya siri, ndoa za siri na watoto wasiotajwa baba zao. Tofauti haiko katika maudhui. Kezilahabi aliyasema waziwazi, akamtaka kijana ayahukumu malezi yenyewe. Abdulla aliyasema kama vidokezo, na walinzi wa maadili walimwona mpelelezi wasione alichokuwa akikipeleleza.

Yafaa pia kukumbuka kwamba katika nchi za Magharibi mambo yalikwenda kinyume. Mfululizo wa Hardy Boys, ulioanza mwaka 1927, na ule wa Nancy Drew, ulioanza mwaka 1930, vyote kutoka karakana moja ya Marekani ya Edward Stratemeyer, vilimweka kijana mwenyewe kuwa mpelelezi, lakini kwa kawaida vilimwepusha na maiti. Yeye alitafuta wosia uliopotea, vito vilivyoibwa, wezi waliojificha. Kifo cha kuuawa kilibaki mali ya watu wazima, na ilichukua muda mrefu kabla ya riwaya za vijana kukivuka kizuizi hicho. Tuzo ya Edgar ya waandishi wa mafumbo wa Marekani ilianza kuwa na kitengo cha riwaya za vijana mwaka 1989 tu. Katika Kiswahili hakukuwa na karakana wala kizuizi. Hakuna aliyemtengea kijana vitabu vyake vya upelelezi. Alipewa vilevile vilivyosomwa na baba yake, na maiti ikiwa ndani yake.

5. Kutoka fumbo hadi bunduki

Mkataba huo haukudumu bila kubadilika. Faraji Katalambulla alipotoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, mandhari yalihama kutoka mashamba ya Unguja hadi mji wa Dar es Salaam, na chombo cha siri hakikuwa tena mzimu bali simu. Hatari katika mji haina nasaba. Anayetisha anaweza kuwa mtu yeyote mwenye waya wa kuongea. Msomaji bado alitakiwa kukisia, lakini kasi iliongezeka na hofu ikachukua sehemu ya nafasi iliyokuwa ya tafakuri.

Katika miaka ya 1970 mwelekeo huo ulikamilika. *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ilimleta Willy Gamba, jasusi wa Tanzania anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa alimfuatisha kwa Joram Kiango wake katika miaka ya 1980. Riwaya hizi zina uzalendo wake, na kwa kijana aliyeishi katika enzi ya vita vya kusini mwa Afrika zilikuwa na ukweli wa kisiasa ambao Bwana Msa hakuwa nao. Lakini kiti cha msomaji kilibadilishwa tena. Katika riwaya ya kijasusi adui anajulikana mapema. Kinachosubiriwa ni kama shujaa atamwahi. Jina limerudi kuwa tabia, si kwa maadili ya Shaaban Robert bali kwa pande za vita. Msomaji hahukumu tena. Anashangilia.

Wahakiki wa miaka hiyo, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, walitaka fasihi inayoshiriki katika ujenzi wa jamii mpya, na kwa kipimo hicho Bwana Msa alionekana mtu wa mabwanyenye anayefumbua siri za mabwanyenye. Lawama hiyo haikosi msingi. Zanzibar ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ni Zanzibar ya miaka michache tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, na ardhi aliyoimiliki marehemu ilikuwa suala zito kuliko kifo chake. Riwaya inauliza nani amemuua mwenye shamba. Haiulizi shamba limekuwaje lake. Aidha, wanawake katika mafumbo haya mara nyingi ni wabebaji wa siri kuliko kuwa wafumbuzi wake. Na mwisho, kiti cha hakimu alichopewa kijana ni cha kuazima. Inapofika sura ya mwisho, Bwana Msa hukusanya nyuzi zote na kutoa jibu, na kama mtegaji wa barazani huchukua mji wake. Mkuu mmoja amenusurika kuulizwa maswali, naye ni mpelelezi.

Ingefaa hata hivyo kutambua kwamba Abdulla mwenyewe hakulipita jambo hilo kimya. Baada ya *Duniani Kuna Watu* ya mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* ya mwaka 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* ya mwaka 1975 na *Mwana wa Yungi Hulewa* ya mwaka 1976, riwaya yake ya mwaka 1984 ilibeba jina la *Kosa la Bwana Msa*. Kutia neno kosa pamoja na jina hilo juu ya jalada ni kumkumbusha msomaji kuwa hata mwenye kiko anaweza kupimwa.

6. Riwaya ya mauaji darasani

Nchini Kenya Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na fasihi ikaingia darasani kwa wingi usio na mfano wa awali. Pamoja na faida zake, utaratibu wa mtihani uliimarisha desturi moja ya kale: mwanafunzi huulizwa dhamira, ujumbe na sifa za wahusika, naye hujifunza kuorodhesha. Mhusika ni mkarimu, ni mwongo, ni mwenye bidii. Thibitisha kwa mifano. Ni Adili na Hasidi na Mwivu tena, safari hii kwa alama mbili mbili.

Riwaya ya mauaji inaikataa desturi hiyo kwa maumbile yake. Sifa ya mhusika katika sura ya pili si sifa yake katika sura ya kumi. Kauli ya msimulizi, ya shahidi na ya mtuhumiwa hazina uzito mmoja, na mwanafunzi atakayeziorodhesha pamoja atapotea. Analazimika kuuliza nani anasema, alijuaje, na ana maslahi gani katika kusema hivyo. Hayo ni maswali ya kwanza ya uhakiki wowote wenye maana, uwe wa riwaya, wa hotuba ya siasa au wa habari ya gazeti. Kijana wa miaka ya 1960 aliyekataa kuamini kwamba mzimu ulimuua Bwana Ali alikuwa amefanya tendo la uhakiki kabla ya kujua kuna taaluma yenye jina hilo.

7. Hitimisho

Madai kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni ya kuiga yamepata ukweli wa chanzo na kukosa ukweli wa matokeo. Kiko ni cha Holmes. Mzimu si wa Holmes, na katika mzimu ndimo alimofanyia msomaji kazi yake. Madai kwamba riwaya hii haimwachii msomaji kitu nayo yanatokana na kutafuta wasia pale ambapo pana zoezi. Wasia hunukuliwa, zoezi hubaki katika mwenendo wa akili. Historia ya fasihi ya Kiswahili ina rekodi nzuri ya nasaha zilizotolewa kwa vijana. Rekodi ya maswali waliyoruhusiwa kuwauliza wakubwa ni fupi zaidi, na mwanzo wake uko karibu na maiti moja iliyokutwa mzimuni. Wahakiki wanaoandaa historia ya riwaya watatenda haki wakiiondoa riwaya hii chini ya kichwa cha burudani na kuisoma pamoja na *Adili na Nduguze* na *Rosa Mistika*, kama sehemu ya mjadala mmoja kuhusu kijana anatakiwa kuamini nini, na kwa ushahidi gani.